Pigo la Tatu Katika Nyumba ya Mabry

Asubuhi walipokuja kumtoa Ezell Mabry nyumbani kwake, mimi nilikuwa nimekaa barazani kwangu na kikombe cha kahawa, na sikuinuka. Naanza na hilo kwa sababu yaliyofuata yote yamesimama juu yake.

Ilikuwa Machi ya mwaka 2008, hapa Cleveland, theluji imeanza kuyeyuka na barabara yetu ya Ansdell imekuwa tope tupu. Walikuja askari wanne wa kaunti na karatasi ya mahakama, na nyuma yao vibarua sita na lori. Ezell alikuwa jirani yangu kwa miaka kumi na moja. Kati ya ukuta wake na wangu ni hatua nne tu. Akikohoa, mimi namsikia. Alikuwa fundi bomba, mrefu, mpole, mtu wa utani. Miaka mitatu nyuma aliiweka nyumba rehani apate kubadilisha paa. Riba ya mkopo ule ilikuwa imejikunja kama chatu aliyeshiba, na mwaka wa tatu chatu akaamka. Mwaka huohuo kazi za ujenzi zikakauka. Basi, nyumba ikaenda.

Vibarua walitoa vitanda, friji ikiwa na chakula ndani, picha za harusi, nguo za kanisani za Verdell mkewe, vyote wakavitupa kwenye tope kando ya njia. Ezell alivumilia. Alivumilia mpaka walipotoa kiti cha magurudumu cha marehemu mama yake wakakirusha kutoka barazani, gurudumu moja likachomoka na kubingirika barabarani. Hapo akaingia gereji, akatoka na nyundo kubwa, akaanza kuivunja baraza aliyoijenga kwa mikono yake.

"Mbao hizi ni zangu," alisema, na kila neno na pigo lake. "Hazimo kwenye karatasi yenu."

Walimwangusha kifudifudi. Wawili walimkalia mgongoni, wa tatu akambana shingo kwa goti mpaka shavu likazama topeni. Wa nne alikuwa akimkanyaga mkono ili aiachie nyundo, na hata baada ya kuiachia aliendelea kukanyaga. Verdell alimshika askari huyo begani akimsihi; akasukumwa, akaangukia kochi lake mwenyewe lililolowa. Na katika yote hayo Ezell, kutoka kule chini, alikuwa akinitazama mimi. Jicho moja lilikuwa limejaa tope, lile jingine likinitazama moja kwa moja. Nikainamia kikombe changu.

Aliyetoka alikuwa Bi Stefania Sobczak peke yake, mjane wa Kipolandi mwenye miaka sabini na minne, aliyekaa upande wa pili wa nyumba ile. Alitoka na ndara miguuni, akawapita askari kana kwamba hawapo, akamvika Verdell koti lake.

"Nyinyi mna mama?" akawauliza.



Nyumba isiyo na mtu haikai. Wiki ya pili mlango wa nyuma ulikuwa umeshavunjwa. Wezi wa vyuma chakavu waliondoka kwanza na tangi la maji moto, kisha wakaja kubandua bati za alumini kutani, nyumba ikabaki kama mbuzi aliyechunwa nusu. Maji hayakuwa yamefungwa. Yalitiririka kwenye chumba cha chini ya nyumba siku kumi na tisa na kupenya hadi kwa Bi Stefania, akawa anachota kwa ndoo, nami nikimsaidia. Kisha wakaingia wavuta unga. Mwezi wa Agosti walimtupa humo mwanamke waliyempiga hata hakuweza kutaja jina lake. Bi Stefania alimsikia akikoroma kupitia dirisha la jikoni, akaenda kumweka kichwa mapajani hadi gari la wagonjwa lilipofika.

Mtaa wetu ulikuwa na nyumba ishirini na mbili. Kufikia mwezi huo nane zilikuwa tupu, na kila iliyofungwa ilivuta jirani yake, maana nani anunue nyumba iliyopakana na pango?

Jiji lilimtuma mkaguzi, Nilsa Quiles, mwanamke mfupi wa Kipuertoriko, viatu vyake vya kazi vikubwa kuliko vyangu. Aliizunguka nyumba ya Mabry, namba arobaini na moja, akabandika karatasi mlangoni.

"Mwenye nyumba ni nani?" nikamuuliza.

"Ungeniambia wewe ningekushukuru," alisema. "Benki iliyoichukua inasema imeiuza. Walionunua wanasema waliifunga furushi moja na nyumba nyingine mia tatu, wakaziuza tena. Leo asubuhi nimeongea na jamaa wa Florida ambaye hajui kama Cleveland iko ziwani au mlimani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nawaita mahakamani. Hawaji. Hakimu anawatoza faini. Hawalipi. Mimi narudi hapa, na wewe unanikodolea macho hivyo."

"Basi ibomoeni."

"Nina orodha ndefu kuliko barabara hii, Bwana Pettway. Ukimwona mtu ndani, piga simu polisi."

"Polisi wakifika, mwizi ameshauza shaba na kula chakula cha mchana."

Hakubisha. Alinitazama mikono. Nimetengeneza mabasi ya jiji miaka thelathini, na mikono yangu ni ya kazi hiyo. "Usiingie humo peke yako," akasema. "Nimeokota watu kwenye nyumba hizi. Wezi nimeokota, na majirani vilevile."

Jumamosi moja ya Oktoba, kama saa tisa alasiri, Bi Stefania aligonga dirisha langu.

"Dorsey," alisema, "kuna mtu kule chini. Nasikia msumeno."

Nilichukua spana yangu ya mabomba, ile nzito yenye meno. Nilipita mlango wa nyuma, nikapita jikoni ambako Verdell alizoea kunimegea mkate wa mahindi, nikashuka ngazi za kuelekea chumba cha chini ya nyumba. Mwanga uliingia kupitia kidirisha kimoja. Mtu alikuwa amechuchumaa amenipa mgongo, kofia ya koti imemfunika, anakata bomba la shaba. Vipande vilivyokatwa alikuwa amevipanga vizuri, virefu kwa virefu, vifupi kwa vifupi. Ningekuwa na akili ningejiuliza ni mwizi gani huyo anayepanga. Sikujiuliza. Sikusema neno. Miezi saba ya maji, uvundo na hofu ilikuwa imenikaa mkononi.

Pigo la kwanza lilimpata begani, akaanguka ubavu na msumeno ukamtoka. Pigo la pili lilimpata kwenye mkono aliounyanyua kujikinga, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Akasema, "Dorsey."

Hakupiga kelele. Alilitamka jina langu kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani.

Watu husema mkono ukishaanza safari hauitiki ukiitwa. Si kweli. Nilisikia, sauti nikaijua, na muda nilikuwa nao. Lakini kitu kifuani kikaniambia: huyu sasa ataacha kunitazama. Nikapiga pigo la tatu. Lilimpata usoni.

"Ni mwizi?" Bi Stefania aliuliza kutoka juu ya ngazi.

"Ni Ezell," nikasema.

Akashuka, ngazi moja moja, ameshikilia ukuta. Alipiga magoti kwenye maji machafu, akavua aproni, akaufunga nayo uso wa Ezell. Damu ilipita kwenye kitambaa papo hapo.

"Usisimame kama mlingoti," aliniambia bila kugeuka. "Kapige simu."

Madaktari walimfunga mkono kwa vyuma. Jicho la kushoto hawakuliweza. Siku ya tatu nilikwenda hospitali, nikamkuta Verdell mlangoni mwa chumba. Walikuwa wakiishi kwa dada yake, watu wanane kwenye vyumba viwili. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Hakunipa nafasi.

"Nina swali moja tu," alisema. "Siku ile ya Machi, kahawa yako ilikuwa na sukari?"



"Nauliza tu," akaongeza. "Nilitaka nijue kama uliifurahia." Akanipisha njia.

Ezell alikuwa amelala, kichwa chote bandeji. Polisi walishafika kumhoji, na aliwaambia ameteleza kwenye ngazi, bomba likamwangukia.

"Kwa nini hukuwaambia?" nikamuuliza.

"Ukifungwa wewe, nani atamchotea Bi Stefania maji?" Akavuta pumzi kwa shida. "Usielewe vibaya. Sijakusamehe."

"Ezell, ungeniambia unakuja…"

"Nikwambie nini? Mabomba yale niliyafunga mimi, Dorsey. Kila kiungo. Mtaa mzima unakula nyumba yangu. Nikasema angalau haya nile mimi." Alifungua jicho lililobaki. "Nilikuita kule chini. Ulinisikia?"

"Sikusikia," nikasema.

Alinitazama, kisha akageukia ukutani.

Januari, asubuhi ya saa tatu, nilikuwa nakaanga mayai. Wezi wawili walikuwa wameingia namba arobaini na moja na msumeno wa umeme. Walidhani gesi imefungwa. Haikuwa imefungwa, yeyote aliyepaswa kuifunga alikuwa kwenye karatasi ambayo hakuna aliyejua ni ya nani.

Sikusikia mlipuko. Niliuona ukuta wangu wa jikoni ukinijia mzima mzima, na nilipofumbua macho nilikuwa ukumbini, kikaango cha mayai kifuani, na pale palipokuwa ukuta naona mbingu. Nyumba ya Mabry haikuwepo. Paa lake, lile la mkopo, lilikuwa katikati ya barabara. Nyumba ya Bi Stefania ilikuwa imelalia upande mmoja na moto ulikuwa umeshapanda ghorofani.

Niliingia kupitia dirisha lake la mbele. Moshi ulikuwa mweupe, mzito, unakata koo. Nilimkuta jikoni chini ya kabati, unga wa ngano umemwagika juu yake kutoka kichwani hadi kiunoni. Alikuwa akitengeneza vile vitumbua vyake vya Kipolandi, vya kuchemsha, vyenye viazi ndani, ambavyo kila Ijumaa alituletea sote. Nilimvuta mkono, ngozi ikanibakia kiganjani. Nikamshika chini ya makwapa, nikamburuta juu ya vioo, tukatokea nje pamoja na mlango niliousukuma ukang'oka.

Mwizi mmoja alikuwa amekufa kwenye uwanja wa nyuma, hana mguu. Wa pili alikuwa anatambaa kwenye theluji, nguo zimemwungulia mwilini, na majirani walikuwa wameshamwona. Walikuwa kama kumi hivi, watu ninaowafahamu, watu ninaoimba nao kwaya. Wa kwanza alimpiga teke la mbavu. Wa pili akaokota tofali.

"Mmalizeni," mtu alisema. "Ametuua huyu."

Bi Stefania alikuwa mikononi mwangu. Nyusi hana, midomo imepasuka. Aliona. "Dorsey," akasema, "hapana."

Nilimlaza kwenye theluji, nikaenda nikamlalia yule mtu. Ushujaa sikuwa nao, ila nilichokuwa nikikiona nilikijua kutoka ndani. Teke la kwanza lilinivunja ubavu. Tofali lilinipata nyonga. Mwizi chini yangu alikuwa analia akimwita bibi yake, na alinuka nyama iliyoungua.

"Toka hapo, mzee," walinipigia kelele. "Toka au tunakuzika naye."

"Nizikeni," nikasema.

Walinipiga mpaka zimamoto walipofika. Nikisema hivi simlaumu hata mmoja.

Bi Stefania aliishi siku sita. Siku ya tano alipata fahamu kidogo, akataka kujua kama yule mtu yuko hai. Nilimwambia yuko hai. Akasema vizuri, na kwamba koo limemkauka.

Mwezi wa Machi jiji liliita mkutano kwenye ukumbi wa parokia. Watu walijaa mpaka ngazini. Nilsa Quiles alisimama mbele na ramani ya mtaa wetu, kila nyumba tupu imetiwa rangi nyekundu, na pale palipokuwa namba arobaini na moja palitiwa weusi. Alisema kaunti sasa ina sheria mpya na chombo kipya, benki ya ardhi, chenye uwezo wa kuzichukua nyumba zilizotelekezwa.

"Benki ilituua," alisema mzee mmoja, "na nyinyi mnatuletea benki nyingine?"

Ukumbi ulilipuka. Kila mtu alikuwa na maiti wake au hasara yake. Kiti cha chuma kilirushwa kutoka upande wa kulia na kumpata Nilsa kwenye paji la uso. Alipepesuka, akashika meza. Damu ilimchirizika kando ya pua. Padri alimsogelea, yeye akamzuia kwa mkono, akatoa leso, akaikandamiza kwenye jeraha na kuendelea kusema, sasa kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, ikabidi watu wanyamaze wapate kumsikia.

"Mna haki," alisema. "Karatasi yangu ilibandikwa kwenye mlango ule miezi mitano. Karatasi haizimi gesi. Kuanzia sasa nyumba ikitolewa watu, maji na gesi vinakatwa siku hiyohiyo, kutokea barabarani. Zisizofaa, nne, zinabomolewa kabla ya kiangazi, na kiwanja anapewa jirani anayekitaka. Zinazofaa, tano, tunaweka paa na mtambo wa joto, halafu tunauza kwa bei ya mtu wa kawaida. Hauziwi mtu wa mbali anayenunua bila kuiona. Anauziwa atakayelala ndani yake, na hawezi kuiuza kabla ya miaka mitatu. Na waliotolewa mtaani humu ndio wa kwanza."

"Nani atawachagua?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Nyinyi mtakaa na sisi. Majina yanasomwa hadharani, hapa hapa."

Nilisimama. Ubavu wangu ulikuwa bado unauma, na nilishikilia mgongo wa kiti cha mbele. Nilikuwa nimemwona Ezell amesimama mwisho wa ukumbi, karibu na mlango, kitambaa cheusi jichoni, Verdell kando yake.

"Jina la kwanza liwe Ezell Mabry," nikasema. "Mnajua alianguka kwenye ngazi. Hakuanguka. Mimi nilimpiga kwa spana, mara tatu. Baada ya mara ya pili aliniita kwa jina. Aliniuliza kama nilisikia, nikamwambia sikusikia. Nilisikia."



"Mzee, kaa chini," alisema kijana mmoja wa mbele, kwa upole. "Hapa tunaongea mambo ya nyumba."

"Na haya ni mambo ya nyumba," nikamwambia. "Tulipoiacha nyumba moja hatukujua tumeacha na nini kingine. Siku walipomtoa, nilikuwa mita kumi kutoka pale. Nilikunywa kahawa yangu ikaisha."

Watu waligeuka kumtazama Ezell. Taya lake lilikuwa likicheza.

"Nyumba nitaiomba mwenyewe," alisema hatimaye. "Sina haja ya wewe kuniombea."

Akamshika Verdell mkono, wakatoka. Wiki iliyofuata alikwenda ofisini kwa Nilsa akajaza fomu.

Mambo ya serikali ni mwendo wa kobe. Walibomoa mabaki ya namba arobaini na moja mwezi wa Juni, kisha nyumba ya Bi Stefania, kisha mbili za mwisho wa mtaa ambako wavuta unga walirusha chupa na risasi moja kwa dereva wa katapila, wakamtoboa bega. Kesho yake alikuja dereva mwingine na askari wawili. Polisi walinihoji kuhusu Ezell. Ezell aliwarudia na hadithi ileile ya ngazi, na mwendesha mashtaka akachoka na sisi wote wawili.

Namba kumi na nane, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu, ilikuwa na kuta nzuri. Jiji liliweka paa na mtambo wa joto. Jina la Mabry lilisomwa hadharani, hakuna aliyepinga. Kwa kuwa ni fundi, walimkubalia afunge mabomba mwenyewe, vifaa wakatoa wao. Hapo ilikuwa Mei ya 2010.

Ukuta wangu nilikuwa nimeshaujenga upya, nikamtazama kutoka dirishani siku mbili. Mkono niliouvunja haukuinuka kupita bega. Alishika bomba kwa meno, akakaza kwa mkono mwingine, bomba likadondoka. Akaokota. Likadondoka. Siku ya tatu nilichukua vifaa vyangu nikavuka barabara. Verdell alifungua mlango, akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwa, akarudi ndani bila kuufunga.

Tulifanya kazi siku tatu bila maneno isipokuwa "shika hapa" na "sogea". Mchana wa siku ya nne tulikuwa jikoni, mimi nimelala chali chini ya sinki nakaza kiungo cha mwisho.

"Inuka," Ezell alisema.

Nilidhani anataka kukagua. Nilipoinuka alinipiga ngumi ya mdomo kwa mkono wake mzima. Nilianguka nikagonga kisogo kwenye kabati. Akanikunja shati, akaninyanyua, akanipiga tena palepale, nikasikia meno mawili yakitoka kwenye mizizi. Mikono yangu ilikuwa huru. Niliiacha ining'inie. Alinyanyua ngumi ya tatu, ikabaki juu, na uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi kwamba niliona mshono uliopita chini ya kitambaa cheusi.

"Kupigana gizani naelewa," alisema, akihema. "Hiyo naelewa, Dorsey. Lakini ulikaa kitandani pangu hospitali ukaniambia hukusikia. Miezi mitano nilikuwa nalala nikijiambia labda sikusema. Labda niliwaza tu."

"Ulisema," nikamjibu, damu imenijaa kinywani. "Ulisema vizuri kabisa."

Aliniachia. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa jiko, akalia kwa namna ambayo sijapata kumsikia mwanamume akilia, bila sauti, mabega yanapanda na kushuka. Nilitema meno yangu kwenye kiganja, nikakaa karibu naye, si karibu sana. Baada ya muda akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Nipe hiyo spana," alisema. "Kiungo chako kinavuja."

Jioni ileile, jua bado liko juu, alifungua maji kutokea barabarani. Verdell akazungusha bomba la sinki. Yalitoka na kutu kwanza, yakakohoa, kisha yakawa safi. Akajaza sufuria, akaibandika, akauliza kama tunakula maharage, bila kumtazama yeyote. Ezell akasema anakula. Mimi nikasema hayo ndiyo naweza. Hakuna aliyecheka, ila alitoa sahani tatu.

Leo mtaa una nyumba kumi na nane, na kumi na saba kati yake zina watu. Kiwanja cha Bi Stefania alipewa mpwa wake, naye akakiacha majani tu kwa kuwa hakutaka kupanda kitu juu yake. Ezell amerudi kwenye utani, ingawa mimi hanitanii. Tukikutana tunazungumza habari za mvua na za mifereji. Verdell hajawahi kuniita kwa jina tangu siku ile ya hospitali. Akinihitaji husema "wewe".

Yule mwizi niliyemlalia alihukumiwa miaka kumi na miwili kwa kifo cha Bi Stefania. Aliniandikia barua kutoka gerezani, kurasa mbili, hati mbovu kwa sababu vidole vyake viliungua. Anauliza kwa nini nilifanya vile. Nimeianza barua ya kumjibu mara nne. Kila mara nafika kwenye jina la Ezell, naweka kalamu chini, naenda kukaa barazani.